Landrova ya Krismasi

Jumamosi, 4 Juni 1994

Wananchi, tulieni. Leo saa nne na robo asubuhi, huko Kisongo, mbele ya shahidi mmoja na kuku wengi, mimi Abdiel, karani mstaafu kwa hiari ya watu wengine, nimekuwa mwenye gari. Shughuli za taifa ziendelee kama kawaida.

Landrova! Ile ndefu, rangi ya majani yaliyoanza kukauka. Ya mwaka sabini na nne. Kwa umri huo ingetakiwa bati lake liwe limeshaezekea choo cha mtu. Lakini mita yake inasema maili elfu tatu na kitu. Elfu tatu! Nikadhani mita imekufa. Mama Tekla, mjane aliyeniuzia, akaniangalia kama nimemtukania marehemu. Mita ni nzima, akasema. Ni kwamba mume wake alikuwa analitoa gari Desemba tu.

Ndivyo ilivyokuwa. Marehemu alikuwa mfanyabiashara, mtu wa Kibosho. Mwanzoni hakuna petroli, baadaye hakuna vipuri, mwishoni ikawa mazoea: mwaka mzima gari limelala bandani chini ya turubai. Ikifika Krismasi linaoshwa, linajazwa watoto, mchele na mafuta ya kupikia, linapanda Kibosho ili majirani walione. Mwaka Mpya likishaonwa vya kutosha, linarudi kulala. Miezi mingine, anasema Mama Tekla, mzee alikuwa anaingia na gazeti lake, anakaa kwenye usukani, anasoma mpaka chai iive.

Nikampenda marehemu hapo hapo.

Nisisahau sababu, maana mke wangu Evaresta ataniuliza na ni vizuri niwe nayo mkononi: Mama. Mtoto wa jicho, macho yote mawili. Siku hizi anatutambua kwa kikohozi. Madaktari wa macho wanakuja hospitali ya misheni kule chini mwisho wa mwezi huu, siku tatu tu, kisha hawaonekani mpaka mwakani. Mwaka jana barabara ilikuwa tope, hakuna gari lililokubali kupanda mlimani kwake kumchukua, akakosa. Mwakani, wamesema, huenda hakuna tena cha kupasua. Kwa hiyo gari hili ni la macho ya Mama. Kabisa. Kwamba nimelizunguka mara nne nikilipapasa boneti, hilo ni jambo jingine.

Jumapili, 5 Juni

Evaresta amelikagua akiwa bado na nguo za ibada. Halafu: "Baba Eunike, wenzako waliopunguzwa kazi pamoja na wewe wamenunua vitu gani?"

Nikamwambia. Mmoja mashine ya kusaga. Mmoja amefungua baa. Mmoja anaonyesha video mtaa wa Unga Limited.

"Wao wamenunua vitu vinavyoingiza. Wewe umenunua kinachokunywa."

Nikamweleza habari ya macho. Akalegea — mama mkwe wake anampenda, nadhani kuliko anavyonipenda mimi. Akafungua mlango wa nyuma, akatoa yai moja chini ya kiti. Bado bichi. "Angalau," akasema.

Alhamisi, 9 Juni

Gereji kwa Bariki. Fundi mchangamfu, hajawahi kuwa na shaka hata siku moja, na hajawahi kupatia mara ya kwanza. Nilimtangazia maili elfu tatu kama baba anayetangaza matokeo ya mtoto. Nikasubiri apige mluzi.

Akapiga. Kisha akachukua mpira wa breki akauvunja kwa vidole. Kama kashata.

"Mzee, gari lililolala ni kama mgonjwa aliyelala. Halina jeraha. Hebu lisimamishe sasa."

Mipira yote imekauka. Panya wamezaliwa kwenye chujio la hewa, wamekua, wamehama. Rejeta ina kutu laini kama ugoro. Nilikuwa nafikiri nimenunua gari ambalo halijatumika. Kumbe nimenunua gari ambalo halijazoea.

Hendeli ya kuzungushia injini kwa mbele haipo. Mama Tekla anasema ilikuwa komeo la banda la kuku na banda limeuzwa.

Jumanne, 14 Juni

Breki zipo! Rejeta ipo! Bariki amejaribu breki kwa kulielekeza gari kwenye ukuta wa jirani yake. Lilisimama. Jirani hakufurahishwa na utaratibu huo.

Kilichobaki ni stata ya kuwashia injini. Inawaka ikipenda. Asubuhi, mara ya kwanza, inalia vizuri, mara ya pili inasema "tk", mara ya tatu haisemi. Bariki ameifungua, ameifunga, akabakiwa na skrubu moja ambayo anasema haikuwa ya lazima. Kuna mtu wa Ngaramtoni anayekwenda Nairobi kila wiki, ameahidi kuniletea nyingine. Lini? Kesho kutwa. Ameniambia kesho kutwa tangu Ijumaa.

Kwa sasa utaratibu ni huu: naegesha kwenye mteremko tu. Naachia breki, linateremka, naingiza gia ya pili, naachia klachi, linapiga chafya, linanguruma. Nimeanza kuiona Arusha upya. Watu wanaona maduka, mabenki, Mnara wa Saa. Mimi naona wapi kunateremka. Posta — hapana, tambarare. Sokoni — hapana kabisa. Kijenge kwetu, sifa kwa Bwana, ni mlima mtupu.

Jumapili, 19 Juni

Leo gari limebarikiwa. Ingekuwa heri libarikiwe faragha.

Kwetu gari jipya haliwezi kuanza kazi hivi hivi. Nililipandisha hadi usharikani nyumbani kijijini, juu kule anakoishi Mama, baridi ya Juni na ukungu umeushika mlima wote. Nikaliegesha uwanjani mbele ya kanisa. Uwanja wa kanisa ni tambarare. Nilijua. Lakini mchungaji alitaka liwe katikati, watu walizunguke, na mimi ni nani nimwambie mchungaji habari za stata.

Maombi mazuri. Marefu. Mama akaletwa akaligusa kwa viganja, kuanzia taa hadi taa, kama anavyowapapasa wajukuu. "Ni kubwa," akasema. "Lina baridi." Kina mama wakapiga vigelegele. Nikaingia nikakaa, nikatazama mbele kwa heshima, nikapiga stata.

Tk.

Nikapiga tena. Haikusema kitu. Mwalimu wa kwaya, Mungu ambariki, akavua joho. Wengine wakavua. Sauti ya kwanza na ya pili upande wa kulia, besi nyuma. Wakasukuma uwanja mzima huku watoto wanakimbia pembeni. Lilipowaka waliitikia "Haleluya" bila kuongozwa.

Na hapo ndipo Mjomba Elimringi, kaka mkubwa wa Mama, mzee wa kanisa, koti la kijivu na kofia, akasema kwa sauti yake ile ya kusoma matangazo:

"Abdieli. Hili gari linakwenda kwa imani. Tatizo ni kwamba imani ni ya wengine."

Kanisa zima lilicheka. Mchungaji alicheka. Mama alicheka mpaka akashika ubavu. Mimi pia nilicheka, niko nyuma ya usukani, nimeshika klachi lisizime.

Bado nacheka. Mpaka saa hizi uso unauma.

Ijumaa, 24 Juni

Mtu wa Ngaramtoni: kesho kutwa.

Nimepanda kumweleza Mama mpango. Jumanne asubuhi namchukua, saa tatu tuko hospitali, jina lake limeshaandikwa. Leo nalala kwake ili nijue njia vizuri, na pia kwa sababu kwake kunateremka.

Mama alinisikiliza hadi mwisho akichambua maharage kwa vidole. Akauliza: tukishuka, tutawapita watu?

Tutawapita, nikasema. Wanaishi kando ya barabara.

Basi utasimama uwaamkie.

Nikasema nitawaamkia nikipita, Mama. Nitapunguza mwendo.

Aliacha maharage. Akaniambia kwa Kimeru, taratibu, kama anamfundisha mtoto wa darasa la kwanza: mkubwa haamkiwi na mtu aliyekaa. Unashuka. Na hilo linalonguruma unalizima, kwa sababu mtu hawezi kuitikia salamu huku anapigiwa kelele. Baba yako alikuwa na baiskeli tu na alikuwa anashuka.

Nikahesabu kimoyomoyo nyumba za wakubwa kati ya kwake na hospitali, nikaacha. Jambo moja lilinipa nguvu: njia yote ni mteremko. Nazima, nashuka, naamkia, narudi, naachia breki. Hata injini haitajua.

Njia yote, isipokuwa kwa Mjomba Elimringi. Pale ni tambarare, sawa kama meza.

Jumanne, 28 Juni

Hatukufanikiwa leo. Gari limezima njiani, tumechelewa. Mama amelala wodini, atapasuliwa kesho. Nimemwambia Evaresta hivyo hivyo. Amesema, "Nilijua." Nimechoka.

Jumatano, 29 Juni

Gari halikuzima.

Nimeandika jana kwamba limezima, na hiki ni kitabu changu mwenyewe, hakuna anayekisoma. Nimejidanganya mimi, tena kwa mwandiko mzuri. Sasa niandike yaliyotokea. Nina nafasi. Nimekaa kwenye benchi nje ya nyumba ya Mjomba na hakuna anayeniongelesha.

Jana tulianza vizuri. Mama mbele, kitenge kipya, mikono juu ya magoti. Kwa mzee wa kwanza nilisimama, nikazima, nikashuka, shikamoo, marahaba, habari za macho, Mungu awatangulie. Breki nikaachia, likawaka. Kwa wa pili hivyo hivyo. Kwa bibi Namnyaki, yule mjane wa Kimaasai aliyeolewa huku, hivyo hivyo, na akatupa ndizi mbivu. Mama alikuwa anafurahi. Alikuwa anatambua kila kona kwa tumbo lake: "Sasa ni kwenye mfereji. Sasa ni kwa Elisaria." Muda ulikuwepo. Hilo niliandike wazi. Muda ulikuwepo wa kutosha.

Kisha ule usawa ukafika, na ua wa miti ya masale, na Mjomba amesimama getini.

Alikuwa anatungoja. Koti la kijivu. Kibuyu cha maziwa mkononi. Nyuma yake, kwenye ukuta, wamekaa vijana wanne au watano wa kwaya waliokuja kumchumia kahawa. Wale wale. Besi.

Nikaona yote kabla hayajatokea. Nazima. Naamkia. Napiga stata. Tk. Mjomba anageukia besi na kusema kitu kimoja, kifupi, na wiki nzima kitashuka mlimani mpaka Tengeru sokoni. Nikaona na mdomo wangu utakavyocheka.

Nikapiga honi.

Mara mbili. Nikainua mkono. Nikapita.

Nilimwona kwenye kioo amebaki na kibuyu amekinyoosha mbele, kama mtu aliyeshika kitu cha mtu mwingine.

Mama akangoja hadi darajani. Halafu akauliza, "Pale si kwa kaka yangu?"

"Ndipo, Mama. Nimemwamkia."

"Nimesikia ulivyomwamkia. Ulimpigia honi." Akaweka sawa kitenge chake. "Kama mbuzi aliyelala barabarani."

Nikasema tunachelewa, Mama, madaktari. Nikasema ni kwa ajili ya macho yako. Nilisema hivyo! Na nilivyokuwa nasema nilisikia jinsi ilivyokaa vizuri, ile sababu, na jinsi ilivyokuwa safi. Haikuwa macho yake. Nilikuwa naogopa kuchekwa. Mtu wa miaka hamsini na mbili, mwenye wajukuu.

Hospitali tukafika mapema. Mama hakushuka.

Nilifungua mlango, nikampa mkono, hakuuchukua. Muuguzi alitoka akaita jina lake, Mama akaitikia dirishani kwa adabu zote: "Nipo, mwanangu. Ila siji." Muuguzi alidhani anaogopa kisu, akaanza kumbembeleza, bibi haiumi, wanatia ganzi. Mama akamsikiliza. Akasema, "Wewe mtoto mzuri. Kisu nakiogopa, ndiyo. Ndiyo maana kaka yangu alikuwa anaombea maziwa yale tangu Jumapili. Nilikuwa ninywe, aniwekee mkono kichwani, nije. Sasa nimekuja hapa kama furushi."

Mimi sikujua habari ya maziwa. Hakuna aliyeniambia. Nani angeniambia? Mambo ya ndugu wawili, wazee, wamebaki wao tu.

Nikamwambia Mama, basi nisamehe, tumalize hili, jioni nitakwenda kumwomba radhi.

"Wanifungue macho leo nione nini? Wewe?"

Wagonjwa wengine waliingia na kutoka wamefungwa bandeji, wanaongozwa. Jioni alikubali kulala wodini, kwa sababu muuguzi alimwomba na yeye hawezi kumkatalia mtu anayemwamkia vizuri. Kupasuliwa, hapana. Daktari ameniambia kwa Kiingereza cha kwao, kisha muuguzi akakirudia kwa Kiswahili ili kusiwe na makosa: leo Jumatano ndiyo siku ya mwisho. Saa saba mchana wanafunga masanduku. Atakuwa wa mwisho kwenye foleni, watamngoja mpaka hapo, zaidi ya hapo hawawezi.

Ndipo nikaenda kumwambia Evaresta kwamba gari limezima.

Asubuhi nimepanda peke yangu. Nimefika kwa Mjomba saa tatu na nusu. Nimeegesha pale pale penye usawa, mbele ya geti, nikazima. Sikutafuta mteremko. Nikashuka, nikavua kofia, nikamwamkia kwa Kiswahili, kisha kwa Kimeru.

Mjomba alikuwa anatandaza kahawa kwenye kichanja cha kukaushia. Hakuinua kichwa. Hakuitikia. Sijawahi kuona shikamoo yangu inabaki hewani namna ile — unasimama nayo hujui uiweke wapi.

Nikaomba radhi nikiwa nimesimama. Nikaeleza kila kitu, hata habari ya besi. Hapo mkono wake ulisimama kidogo juu ya kahawa, ukaendelea. Nikaeleza kwamba Mama yuko wodini anamngoja, na saa saba. Akaingia ndani. Mkewe, shangazi Elifuraha, akaniletea chai na kuninong'oneza: "Kaa. Usiseme tena. Ukisema tena ataanza kujibu, na akianza kujibu tutakesha." Akaniuliza kama ni kweli nilipiga honi mara mbili. Nikasema mara mbili. Akatikisa kichwa. "Moja tungeitetea," akasema.

Kwa hiyo nimekaa. Nimeandika haya yote. Chai imepoa. Nilikwenda mara moja kwenye gari nikagusa ufunguo: tk. Vijana wa kwaya wako juu kwenye mibuni, nasikia wanaimba. Nikiwaita watakuja. Watasukuma na watacheka. Waje wacheke. Lakini siwezi kumpakia mtu ambaye hajaniitikia.

Saa nne na dakika arobaini. Ndani wanazungumza. Mjomba anauliza koti lake liko wapi.

Ametoka. Koti la kijivu, kofia, kibuyu cha leo — nasikia maziwa yanavyogonga ndani. Amepita mbele yangu. Nimesimama, nimesema shikamoo Mjomba. Amepita. Amelipita na gari, kwa upande wa mlango wa mbele ambao nilikuwa nimeuacha wazi kwa ajili yake, akausukuma kwa kiwiko ili apate njia. Ameshika barabara, anashuka kwa miguu.

Ana miaka themanini na ushee. Kwa mwendo wake hospitali ni saa mbili, labda zaidi, na daraja lina utelezi. Shangazi amesimama mlangoni anamtazama, kisha ananitazama mimi. "Unangoja nini?" ananiuliza. "Kumtangulia na gari?"

Gari naliacha hapa. Ufunguo nampa shangazi. Nitamfuata nyuma, hatua chache, nisimpite, na kila tukifika kwenye kona nitamwamkia tena. Ameshafika kwenye kona ya kwanza. Hajageuka, lakini naona amesimama anahamisha kibuyu mkono, au ananingoja. Nafunga kitabu, nakwenda.